Kitabu cha Profesa Nilichokificha Chini ya Godoro

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijamharibia mtu ambaye sina wa kumfananisha naye, maana nimefanya ujinga kwa mapenzi na sasa umenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ni wakili mchanga, nafanya kazi chini ya mama aliyenifundisha historia chuoni, tulimwita Bibi Tarehe kwa sababu ukimwambia "hapo kale" anakuuliza "kale ya lini?", na alifundisha miaka mingi mpaka akawa profesa, kisha siku moja akaitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya barua za zamani za wenyeji wa bonde fulani waliokuwa wakifukuzwa kwao, lakini wakili wao hakujua amuulize nini, kesi ikaanguka, na mzee mmoja akamwambia pale koridoni, "Profesa, ulijua yote, ila hukuwa na ruhusa ya kusema." Maneno yale yalimchoma. Akiwa na miaka hamsini na mbili akajiandikisha kusoma sheria, mchana anafundisha, jioni anakaa dawati moja na watoto aliowasahihishia mitihani mwaka uliopita, mumewe akimletea chakula kwenye hotipoti, na mtihani wa uwakili akafeli somo moja, matokeo yakabandikwa ukutani kila mtu akayaona, naye akaurudia bila kumlaumu mtu.

Leo ana miaka sitini na nne. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la viatu, na nimemwona akimsikiliza mchungaji wa ng'ombe nusu siku bila kutazama saa, kisha akaenda kukohoa vumbi la hifadhi ya nyaraka wiki mbili nzima kutafuta jina la babu yake mtu yule, na akalipata.

Sasa kampuni ya mashamba inataka sehemu ya bonde lile iliyobaki, na wenyeji wamemfuata yeye. Mshauri, wiki iliyopita nikiwa maktaba ya chuo niliona kitabu chake cha kwanza, alichokiandika akiwa binti wa miaka ishirini na tisa, nikakifungua kwa furaha, nikakuta ameandika kwamba bonde lile halikuwa na wakazi kabla mashamba makubwa hayajafunguliwa. Nikawaza upande wa pili wakiuona ukurasa huu tumekwisha, nikakitia kitabu ndani ya koti, nikatoka. Kiko chini ya godoro, mke wangu anauliza kwa nini siku hizi nalala upande mmoja, na kibaya zaidi nasikia mkutubi, baba wa watu anayekaribia kustaafu, ameandikiwa barua ajieleze kitabu kimekwenda wapi.

Jana profesa ameniuliza, "Mwanangu, una homa?" Nikasema mafua. Kesi ni Alhamisi. Nikichome? Nikirudishe kimyakimya? Au nimwambie, nimvunje moyo?

Ni mimi,
Mlalia Kitabu

Ndugu Mlalia Kitabu,

Nilikupigia simu siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa kuwa mahakama haingoji gazeti. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa faida ya wengine wenye magodoro kama lako.

Mapenzi yako nimeyaona, na kwa mama kama huyo sikushangai. Lakini umeiba, ukamwacha mtu mzima abebe lawama yako, halafu ukamfanya mwalimu wako mtoto wa kukingwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe. Mwanamke aliyefeli mbele ya wanafunzi wake akarudi kukaa dawati lile lile, wewe ndiye wa kumlinda na aibu? Nikakuambia inuka, kitoe, kamwekee mezani, ukae usikie atakachosema.

Ulikwenda, na hilo nakupongeza. Ukanisimulia kwamba alivaa miwani, akausoma ukurasa mara mbili, akasema, "Binti huyu alikuwa mvivu. Alisoma taarifa ya bwana mmoja aliyepita kiangazi akaandika hakuona mtu, hakuuliza kiangazi watu huwa wapi." Walikuwa mlimani na ng'ombe wao. Kisha akakuuliza, "Mkutubi umeshamwambia?" Ukakiri kwamba bado.

Alhamisi shahidi wenu, mhadhiri wa historia, akapanda kizimbani, na swali la kwanza la profesa likahusu kitabu chake mwenyewe. Akamtaka ausome ukurasa ule kwa sauti, kisha aieleze mahakama kosa liko wapi. Wasomaji wangu, sikilizeni hili: wakili wa kampuni alikuwa ameshika nakala ya ukurasa huo huo, imepigwa mstari mwekundu. Akaitazama, akairudisha kwenye faili. Walikuwa nayo muda wote. Kwa ukimya wako, ndugu yangu, ungempeleka mwalimu wako vitani amefungwa macho.

Hukumu imetoka juzi, wenyeji wanabaki. Kampuni inakata rufaa, kwa hiyo kaza buti, ujifunze kuzisoma zile karatasi za zamani wewe mwenyewe, maana profesa hatapanda ngazi za hifadhi milele.

Lakini kwanza la mkutubi. Unaniambia kitabu umekirudisha kwa mkono wa tarishi, ndani ya bahasha isiyo na jina, na unadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Barua ile ya kumtaka ajieleze bado iko kwenye jalada lake. Nenda Jumatatu asubuhi, kwa miguu yako, usimwombe profesa akusindikize. Simama mbele ya mkuu wa maktaba, mkutubi akiwepo, utaje jina lako kamili na ulichofanya. Wakikufungia mlango mwaka mzima, kubali. Na usiondoke pale mpaka uione ile barua ikitolewa kwenye jalada na kuchanwa.