Kwa Nini Nilianza Kupika

Kinama, Bujumbura
Jumapili asubuhi

Kwako yaya Mathilde, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo na mapacha, na mguu wa mama uwe umepungua uvimbe. Mimi ni mzima. Hapa Kinama mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imeacha. Kila paa linafuka moshi mwepesi, na mimi nimekaa mlangoni na daftari magotini kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Barua nampa mama Irène, anayevuka mpaka na vitenge vyake. Ningeweza kupiga simu, lakini kuna mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo yatanikatikia katikati.

Uliniuliza nimepata wapi pesa za mabati ya mama, wakati mshahara wangu unaujua. Ukasema mama anaogopa nisiwe nimeingia mambo mabaya. Mwambie apumue. Nimepika tu.

Zamani, ikifika saa sita mchana, mafundi wote wa ateliye yetu ya ushonaji, Bwiza, tulikuwa tunakwenda kula kwenye restora moja nyuma ya barabara. Unapanga mstari, unangoja meza, unangoja sahani, unarudi mbio chakula kikiwa bado kooni. Mapumziko yanaishia hapo, na mshahara nao. Sasa Jumapili nachemsha maharage ya siku tatu, na asubuhi, mbabula ya makaa ikishika moto, nakaanga mboga za lengalenga, nafunga kwenye kibakuli na kutembea nacho hadi kazini. Mwezi wa kwanza niliunguza kila kitu. Assia, jirani yangu, alikuwa akisikia harufu anakuja kunipunguzia makaa.

Yaya, sijui nikuelezeje saa ile ya mchana niliyoipata. Wenzangu wakishuka, mashine zote zinanyamaza. Nakula taratibu dirishani, huko ghorofani, na ng'ambo ya ziwa naiona milima ya kwetu Uvira. Siku nyingine ni ya bluu, siku nyingine ni kama mtu ameipangusa kwa kitambaa, na najiambia kwamba chini yake wewe nawe unapakua. Kuna siku nilisinzia na kijiko mkononi, nikamsikia mama akituita tuje kunawa. Nikimaliza kula, mama Jovithe, mwenye ateliye, ananifundisha kukata nguo. Tangu Juni mimi ndiye mkataji, na nimeongezwa mshahara. Mabati yametoka huko.

Lakini sijakwambia yote. Wenzangu waliponiuliza kwa nini nimeacha restora, niliwajibu kwamba nabana matumizi na kuokoa muda. Jibu hilo nililisema mara nyingi hadi mwenyewe nikaliamini. Ukweli ni kwamba siku moja, mwaka jana, kwenye kidirisha wanachotolea sahani, mkono ulinipa wali, na mkono huo ulikuwa na kovu refu la moto, kutoka kidole gumba hadi kiwikoni. Unalijua kovu hilo. Alilipata siku alipokuvuta usiangukie sufuria ya mafuta. Ndani mtu akaita, "Murhula, sombe imeisha!" na mwenye mkono akaitika kwa sauti ileile.

Ni baba. Baba yetu, aliyeondoka kwenda kutafuta kazi nikiwa na miaka sita na wewe kumi na mmoja, na ambaye uliapa jina lake lisitajwe tena nyumbani. Anapika Bwiza. Niliiacha sahani imejaa nikatoka. Tangu siku hiyo nikawa napika kwangu, ili nisile kutoka mkononi mwake.

Nilidhani nimemkimbia. Ila Jumamosi huwa nakwenda ufukweni Kajaga kununua ndagala kwa wavuvi wenyewe, na mwezi uliopita nilimkuta pale mchangani akichagua samaki wa restora. Amezeeka. Hakunitambua. Aliniambia tu, "Chukua za hapa, mutoto wangu, hizi hazina muchanga," kama ambavyo angemwambia binti yeyote. Nilirudi mikono mitupu. Wiki nzima nilitembea kama niko ndani ya maji. Jumamosi iliyofuata nilipika ndagala kwa nyanya na mawese, kama ulivyonifundisha siku zile mama akiwa sokoni, nikampelekea.

Alikaa mchangani, akaonja, akaacha kutafuna. Akauliza ni nani amenifundisha. Nikamwambia ni yaya wangu, Mathilde, wa Uvira. Akakishusha kibakuli mchangani. Kisha akasema, "Mi sistahili kukula hii." Nikamwambia ale tu, kitapoa. Akala polepole hadi mwisho, machozi yakimdondokea kwenye kibakuli. Sikumgusa, wala sikuondoka. Usiniulize kama nimemsamehe, maana sijui. Nilitaka tu ale kitu cha kwetu.

Hakujitetea. Habari za mama hakuthubutu kuuliza. Aliuliza jambo moja tu: kama Mathilde bado anajificha chini ya kitanda radi ikipiga. Tangu uolewe hatujalala chumba kimoja. Nilimwambia nitakuuliza.

Basi nakuuliza, yaya. Nijibu ukitaka. Hata ukiichana barua hii nitaelewa. Mama usimwambie bado. Nitavuka mwenyewe kabla ya Noeli, niketi mbele yake nimweleze.

Msalimu shemeji, na mapacha wabusu kwa wakati mmoja wasigombane. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Benite