Ulisema Hiyo Ni Lori

Baba,

Nimeketi mlangoni hapa Riruta, Nairobi, kwenye kile kiti chako cha plastiki. Mbele yangu nguo zimeanikwa kwenye ile kamba uliyotoka nayo bandarini. Bado haijalegea. Majirani wapya walitaka kuisogeza, wakashindwa hata kujua fundo linafunguliwa wapi. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia, ndiyo maana nakuandikia.

Nimetoka Kisumu juzi. Nimeiona bandari.

Haki Baba, ungeiona! Reli uliyoiacha imemezwa na nyasi sasa ina mabehewa. Meli zinapakia mafuta na simenti kwenda Uganda. Hata mdosi wangu wa kazi kule mjini, yule Mhindi wa mabomba, mizigo yake mingine ya Kampala siku hizi inavuka ziwa. Mimi ndiye naandika "Kisumu" kwenye maboksi, na kila nikiandika nakukumbuka. Dada yako, Shangazi Atieno, hatembezi tena birika la chai. Ana banda lake karibu na lango, na mabaharia wa Uganda wanamwita Mama Chapati. Si kila kitu kimekuwa kizuri. Mzigo mwingi unabebwa na mashine, na wazee uliofanya kazi nao wanakaa nje ya ua wakisalimia wapita njia. Lakini mji umeamka. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema, bandari ikishiba, Kisumu nzima imeshiba.

Bandari iliposhinda njaa, ukaja Nairobi kulinda lango la watu Lavington. Kila mkubwa akitangaza redioni ati bandari inafufuliwa, unapiga pasi ovaroli yako ya buluu, unaaga wapangaji wote wa ploti, unapanda basi. Unarudi ovaroli ingali na mikunjo ya pasi, maana hakuna meli. Mara ya mwisho uliikata ile ovaroli vitambaa vya kupangusia viatu. Ukaniambia, "Mama, mimi sidanganywi tena. Nitaenda siku nitasikia honi ya meli na masikio yangu."

Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Hakuna anayeniita hivyo sasa.

Basi bandari ilipofufuka kweli, Shangazi akapiga simu. Alisimama kando ya gati, akainua simu juu. Nami nikaiweka yangu mezani, sauti nje, wewe ukinywa uji. Honi ikalia. Uliweka kikombe chini, ukafunga macho, ukasikiliza. Kisha ukachukua kikombe chako.

"Hiyo ni lori. Mwambie Atieno atoke barabarani asigongwe."

Wee, tulicheka! Shangazi akapiga tena wiki iliyofuata, na nyingine, nawe jibu ni lilelile: "Lori." Ikawa mchezo wetu. Tulidhani muda upo. Nikasema Krismasi tukienda nyumbani nitakupitisha pale, utake usitake. Moyo wako haukungoja Krismasi.

Tulikupitisha ukiwa ndani ya jeneza. Tulimwomba dereva asimame langoni uage mahali pako pa kazi, jinsi watu wetu wanavyofanya. Wazee wenzako walivua kofia. Shangazi akapiga jeneza kwa kiganja akikuita, "Ndugu yangu, si umefika? Angalia basi!" Lakini meli ilikuwa imeshaondoka. Gati lilikuwa tupu na hakuna kilicholia isipokuwa sisi. Tukaendelea na safari, maana watu walikuwa wanatungoja nyumbani.

Tangu siku hiyo nilikuwa nimekukasirikia, Baba. Ndiyo, nasema. Kichwa ngumu gani hiyo, hata dada yako humwamini? Nimeosha vyombo nikikugombeza. Nimepanga maboksi ya mabomba nikikugombeza.

Sasa juzi nikasimama palepale aliposimama Shangazi na simu. Nikafunga macho kama wewe. Meli ikapiga honi.

Baba, inalia kama lori.

Haki ya Mungu! Nilifungua macho nihakikishe. Si ile honi uliyokuwa ukituigia tukiwa watoto, ile nzito ya kutoka tumboni, mpaka mama yetu anakukataza ati utaamsha ploti. Hii ni kali na fupi, lori tupu. Ulikuwa unangoja meli unazozijua wewe, na sisi hatukufikiria hilo. Hukuwa mkaidi. Nisamehe zile hasira. Laiti tungeachana na mambo ya simu, tukakushika mkono tukakupandisha basi.

Pumzika, Baba. Krismasi nakuja. Nitasimama kando ya kaburi lako nivute pumzi yote, nikupigie ile honi yako ya zamani kwa mdomo wangu, ya tumboni kabisa, watu wa boma wacheke wakitaka. Hiyo huwezi kuiita lori.

Mimi,
Mama yako, Adhiambo