Mabaka ya Yuditha

Jumatatu, 8 Juni 1953
Siku ya ishirini na mbili bila Yuditha wangu. Yuko Old Moshi kwa mama mkwe, kisa mabaka ya kahawia mgongoni na tumboni. Jirani aliyaona akasema ukoma. Neno hilo moja tu, na Efraimu, mume wangu, akambeba mtoto akampandisha mlimani jioni ile ile. Eti asimwambukize mdogo wake mchanga. Nami ni mzazi, nimetoka kujifungua, kwa mila miezi mitatu sitoki nje. Nakula mtori wa ndizi na nyama, nanenepa, nalia.

Alhamisi, 11 Juni
Efraimu alikwenda kumwona. Anasema mabaka yanazidi. Mama mkwe anamsugua samli asubuhi na jioni, nayo yanavimba, yanakuwa mekundu — bibi anafurahi, eti ugonjwa unatoka. Daktari atampima Jumatano. Akisema ni ukoma, mtoto anapelekwa kambi ya wakoma. Ana miaka mitatu na nusu! Nani atamlaza huko?

Jumapili, 14 Juni
Wote kanisani. Nimemwogesha mdogo, mawazo yakaenda kwa dada yake. Yule hapendi kuoga kabisa. Nikimsugua kwa dodoki anajikuna, analalamika kwamba anawashwa. Na kila baka nililolisugua liliinuka kama limeumwa na mbu. Nikakaa, maji yakapoa. Baka la ukoma halisikii kitu hata ukilichoma mwiba, nani asiyejua? La mwanangu linasikia mno!
Nimemwandikia hayo Bwana Alawi, dresa anayefunga vidonda hospitalini. Wifi yangu Martha amekubali kuipeleka barua, mradi kaka yake asijue.

Jumatano, 17 Juni
Efraimu amerudi peke yake. Ameketi, kofia mkononi, akasimulia. Bwana Alawi alimsomea daktari barua yangu. Daktari akasugua baka moja kwa mpini wa kijiko, akasugua na ngozi safi pembeni. Wakangoja. Baka likavimba, pembeni kimya. Akaligusa baka kwa unyoya, mtoto akacheka. Si ukoma. Ugonjwa wa ngozi wa watoto, hauambukizi, wengi huwatoka wakikua. Asisuguliwe tena, basi.
Nimemshukuru Mungu, nimemkasirikia Efraimu, vyote pamoja. Mbona hukuja naye? Eti lazima mama yake aelezwe kwanza, kwa heshima. Heshima!

Jumamosi, 20 Juni
Ameletwa. Amekonda, shingo imekuwa ndefu. Nikanyoosha mikono. Akarudi nyuma hadi ukutani, akaketi, akaweka mbele yake kibakuli alichotengewa peke yake kwa bibi.
"Shikamoo mama. Usinishike, mimi mgonjwa."
Nimemwambia daktari amesema yu mzima. Akatazama kitanda alipolala mdogo wake, akajivuta mbali zaidi, kwa adabu kabisa. Nani kamfundisha adabu hii? Sisi sote.
Nimemimina mtori kwenye kibakuli chake, nikakinywea mbele yake. Sasa nimeketi sakafuni upande wa pili, naandika ili nisimrukie. Amesogeza mguu mmoja — hapana, anajikuna tu.