Mkoba Wangu Kaupakata

Shoga, mbona hupokei simu? Shemeji yako kaondoka kaniacha ugenini mchana kweupe!

Tulipanda basi la kutembeza wageni mjini. Tuliposhuka makumbusho nikampa mkoba anishikie, nikaingia chooni. Natoka, basi hakuna.

Simu iko mkobani. Pasipoti iko mkobani. Nimesimama pale kwenye ngazi za makumbusho.

Basi likarudi. Unajua nani kalirudisha? Bibi mmoja aliyekaa nyuma yetu. Kwa Kiingereza chake cha kuombea maji ananieleza kwamba kabla ya kuondoka dereva aliuliza, "Kila mtu mwenzake yupo?"

Na mume wangu akajibu, "Yupo."

Yupo! Na mkoba wangu kaupakata!

Nikamuuliza, "Nipo wapi, baba?" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Samahani, mama watoto. Nilisahau kama nimekuja na wewe."

Angekuwa amekusudia, ningemtukana basi zima lisikie. Lakini mimi namjua akidanganya, lazima ajishike sikio.

Hakujishika sikio, shoga. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mkoba wangu.