Mhimili wa Mwalimu wa Hesabu

Jumamosi, 9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Mimi mzima wa mwili, ila moyo umechafuka, na sina wa kumwambia zaidi yako wewe uliyeshika chaki miaka thelathini.

Wiki hii nilifundisha darasa la tatu kuchora grafu za mihimili. Wako sitini na wanane. Nikawaambia kila mmoja achague kitu chake, akihesabu kwa siku tano, kisha achore, mraba mmoja usimame badala ya viwili. Na ili wasinisinzilie, nikawafundisha kwamba mhimili mrefu kuliko yote ndiye bingwa, anapigiwa makofi. Basi wakahesabu pikipiki, ndoo za maji, hata paka. Raha tupu.

Jana akasimama Kidoti, kale kadogo kenye alama shavuni, kapole, hata kupiga chafya kanaomba ruhusa. Kumbe kamehesabu viboko, mwalimu kwa mwalimu. Mwalimu wa Kiswahili, sita. Mwalimu mkuu, kumi na viwili. Mwalimu wa hesabu, hamsini na sita, mhimili umepanda mpaka karibu na ukingo wa karatasi. Mwalimu wa hesabu ni mimi, mama. Darasa zima likanipigia makofi. Hawakunicheka. Walinishangilia kwa moyo wote, kama nilivyowafundisha.

Nikapandwa na hasira. Nikachukua rula ya ubaoni, ile ya mbao ya mita moja, nikamwambia nyoosha mkono. Cha tatu kilimpata kwenye vidole, nikasikia mlio kama wa kijiti kukatika. Nilisikia vizuri kabisa, mama, na bado nikapiga cha nne.

Akarudi kwenye dawati, kamasi zinamtiririka, akashika penseli kwa mkono wa kushoto, akaniongezea miraba miwili kwenye mhimili wangu.

Leo nimesikia kutoka zahanati kwamba vidole viwili vimevunjika. Nyumbani bado hawajajua nini kimempata, mtoto hasemi. Nataka arudi darasani Jumatatu. Niambie nifanyeje.

Mwanao


Jumatano, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, na dawa nimempa jirani, inanuka vibaya. Nashukuru u mzima.

Sasa unalia nini? Mtoto kakuvunjia heshima mbele ya darasa, wewe unaniandikia machozi! Mimi nilikuwa na watoto tisini, na fimbo ndiyo iliyokuwa ikiwasemesha. Hata wewe nilikuchapa, tena kuliko wenzio, wasije wakasema nakudekeza. Ulikufa? Si ndiye huyo leo mwalimu?

Vidole vya mtoto vinaunga upesi. Mwandikie baba yake kwa adabu, sema alikuwa akichezea rula ikamwangukia. Mwalimu mkuu hatakusaliti, naye si yumo kwenye grafu hiyo hiyo? Hiyo karatasi ichome. Na ukiniandikia tena, niandikie unakula nini, umekonda mno kwenye ile picha.

Mama yako


Jumapili, 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakula vizuri.

Niliandika barua uliyoniambia. Baba yake ni fundi viatu, mtu wa heshima sana kwa walimu. Aliisoma, akamuuliza mtoto kama ni kweli. Kidoti akasema hapana, ni mwalimu. Basi baba akavua mkanda akampiga kwa kumsingizia mwalimu wake. Alimpiga mpaka ngozi ya mgongo ikapasuka. Mwenzake wa dawati moja ndiye aliyenisimulia, huku anachonga penseli.

Uliniuliza kama nilikufa. Sikufa. Ila kila Jumatatu nilikuwa najikojolea kabla ya kipindi chako, ukadhani ni kibofu, ukanipeleka kwa daktari. Nilimezeshwa vidonge mwaka mzima kwa sababu ya fimbo yako. Nina hasira na wewe, mama, na nina hasira na mimi zaidi, maana barua ile niliiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri.

Jana nilikwenda kwao. Nikamkuta baba kibarazani na kiatu mapajani, akainuka haraka kunipa kiti. Nikamwambia nimedanganya. Ni mimi niliyemvunja vidole, na mtoto alimwambia kweli. Akanishika shingo akanigongesha ukutani, mara mbili, tatu, analia na kunitukana, na mimi sikuinua mkono. Niliona ni stahili yangu.

Kwa kelele zile Kidoti akatoka ndani. Ule mkono wa bandeji kaukumbatia kifuani. Akaniona. Akasema, "Shikamoo mwalimu," akasogea mpaka mbele yangu, akanyoosha ule mwingine, kiganja juu, akafumba macho.

Baba yake akaniachia shingo.

Mwanao