Mkono wa Masalu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba radhi kwa kimya kirefu. Mara ya mwisho nilikuuliza kuhusu posa, ukaniambia nisubiri, nikasubiri, nikaolewa vizuri, nikasahau kukushukuru. Leo naomba msaada kwa jambo la kazi. Tunawatengenezea wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu mfumo wa simu unaoonyesha kiroba kipi cha mawe ni cha nani, na kila duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, hupata seva yake ya kukodi mtandaoni, ambayo zamani mwenzangu Masalu aliiandaa kwa mkono kutwa nzima, na kwa bahati duara la kwanza aliloliandalia likatoa dhahabu, basi mzee Nkwabi, mwenye maduara, akatangaza kwamba Masalu ana nyota na kwamba mfumo usiofunguliwa kwa mkono wake hauleti dhahabu. Sasa nimeandika maelekezo yote mara moja, na kompyuta yenyewe inaijaribu kazi yetu, inaagiza seva, inaiandaa na kuiwasha kabla chai haijapoa, bila kusahau kitu kama tulivyokuwa tukisahau sisi, lakini niliogopa kumwambia mzee, kwa hiyo Masalu bado anakwenda Nyarugusu, anabonyeza kitufe chochote mbele ya watu, vigelegele vinapigwa, mbuzi anachinjwa, ilhali mfumo umewaka tangu jana yake. Masalu amenenepa. Juzi mzee aliniuliza, "Mwanangu, huyu Masalu ndiye anayefungua kweli?" nami nikakohoa. Nikisema kweli, huenda akatuacha, na ofisi yetu inaishi kwa maduara yake; nikinyamaza, namdanganya mtu aliyeleta fahali kwenye harusi yangu. Nifanyeje? Nikishaamua, safari hii nitakuandikia bila kuchelewa.

Zuwena, Kambarage, Shinyanga

Marahaba, Zuwena, na hongera ya ndoa, ingawa hongera hii umeichelewesha wewe mwenyewe kwa kimya chako. Kazi uliyoifanya ni nzuri. Ninachokulaumia ni kukohoa. Mtu mzima alikuuliza swali lililonyooka, na kikohozi si jibu.

Tena umemdhania mzee mjinga. Hakuikataa kompyuta, alitaka mkono wa mtu uwepo jambo linapoanza, na hilo si ombi la ajabu. Mpe. Kompyuta yako ijaribu, iagize, iandae kila kitu, kisha isimame kabla ya kuwasha, ingoje ruhusa. Ruhusa hiyo iwe kitufe kwenye simu ya mwenye duara. Asipobonyeza, mfumo usiwake. Hapo mkono utakuwa wa kweli, na nyota itakuwa yake mwenyewe. Mimi siamini nyota, lakini napenda kujua ni nani aliyeruhusu.

Kabla ya hayo, nenda Nyarugusu pamoja na Masalu, mwamkie mzee, mketi, umweleze yote, pamoja na habari ya kile kitufe cha maonyesho. Akikasirika, usimkatize. Akicheka, usiwahi kucheka kabla yake. Akimaliza, mpe simu abonyeze.

Na mbuzi wa siku hiyo, Masalu ndiye amnunue.