Mganda Nyuma ya Mlango

Paramaribo, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kiasi, na mimba inakua. Ila muuguzi kapima damu, anasema imepungua sana. Kaniuliza ninakula nini. Nikamwambia: wali, kama watu wote! Mchele mweupe wa dukani, naosha mpaka maji yawe kama kioo. Akatikisa kichwa, akanipa vidonge. Mama, naogopa.

Mwanao, Eselina

*

Kijijini, mtoni juu, 19 Machi

Eselina wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu yananisumbua. Unaosha mpaka kioo, halafu unakula nini, hicho kioo? Vidonge meza. Mwenye mtumbwi anakuletea kapu la mpunga wetu mwekundu na kinu kidogo. Twanga maganda yatoke tu, ile ngozi nyekundu iache, ndiyo yenye nguvu. Osha mara moja. Pika na majani na samaki.

Humo kapuni mna mganda wa kwanza, yale mashuke niliyoyafunga pamoja; huo usile. Unajua ni wa nani.

Mama yako, Afiiba

*

Paramaribo, 2 Juni

Mama,

Shikamoo, hujambo? Damu imepanda! Muuguzi kacheka mpaka jino la nyuma likaonekana. Jirani analalamika, eti kila asubuhi namtingishia ukuta kwa kutwanga. Nimemwambia atavumilia mpaka nijifungue. Kapu limekwisha. Niletee lingine, tafadhali.

Mwanao, Eselina

*

Kijijini, 20 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kwa kunyamaza. Kapu lingine hakuna. Mvua ilikuwa imeozesha mavuno, kikabaki kile nilichokuletea, na mbegu ikiwemo humo. Ningeificha nipande, na wewe huna damu? Usilie, ningefanya hivyo tena.

Wanagawa mbegu ya mchele mweupe hapa. Nimekataa. Nimefyeka shamba hivyo hivyo, nitazunguka vijiji vya juu kuomba. Wana mpunga wao, wa mama zao. Kama kapu limekwisha, basi na ule mganda umeliwa; wa kwetu sidhani kama nitaupata. Hilo linaniuma, sitakuficha.

Mama yako, Afiiba

*

Paramaribo, 6 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimejifungua msichana, mzima, ana sauti kama yako ukigombana na mwenye mtumbwi.

Sasa nisikilize. Usiende popote kuomba. Ule mganda wa kwanza, wa bibi yetu wa kale aliyekimbia utumwani na mpunga umesukwa nyweleni, niliuning'iniza nyuma ya mlango siku ile ile kapu lilipofika. Hata wiki za mwisho, kapu tupu na mimi nina njaa ya wali mwekundu, sikuugusa. Nimehesabu mashuke: hamsini na moja. Machache, lakini ni yetu. Mwaka huu tupande yote, hakuna kula hata punje.

Nakuja Jumamosi na mtoto. Nywele zangu nimekata, kwa hiyo mpunga nimeutia kwenye chupa yake ya maziwa, nimekaza kifuniko. Choma shamba, Mama. Tunapanda watatu.

Mwanao, Eselina